Kanzu Nyeupe, Buibui Jeusi, na Simu Isiyotaka Kuambiwa

Sikukuu ya Idd iliyopita, mama mmoja wa mtaani kwetu, ambaye amenijua tangu nikiwa mtoto, aliniomba nimpige picha ya kumpelekea mwanawe aliyeko Maskati. Alinipa simu yake mwenyewe, mpya, aliyoletewa na mwana huyo huyo, ili picha ifike papo hapo. Picha ilifika, na jibu likarudi kabla hatujamaliza kahawa: mwana anauliza mama yake amejipaka nini usoni, na lile baka la shavuni, alilozaliwa nalo, limekwenda wapi. Mama akanigeukia huku akijishika shavu. “Mwanangu, baka langu umelipeleka wapi?”

Sikulipeleka popote. Ndani ya simu ile kulikuwa na mpangilio wa “urembo” uliowashwa kiwandani kabla boksi halijafunguliwa, ambao haukumuuliza yeye wala mimi, na ambao uliamua, kwa hekima ya wahandisi wasiowahi kukanyaga Unguja, kwamba shavu la mama wa Kizanzibari linafaa kuwa laini kama la msichana na jeupe kuliko alivyoumbwa. Nimeudhika kwa niaba yake, ingawa yeye mwenyewe aliishia kucheka, na kwa kuwa sina wa kumfokea nimeamua kuandika.

Mimi napiga picha kwa mapenzi tu. Silipwi, na nisingependa kulipwa, maana wanaolipwa hawana ruhusa ya kuudhika na mambo madogo kama haya. Lakini miaka yote niliyobeba kamera imenifundisha kwamba ugomvi wangu na vifaa vya kidijitali haukuanza na “urembo”. Ulianza na jambo la kale zaidi, nalo ni kipimo cha mwanga.

Kipimo kilichomo ndani ya kamera hakijui kinachotazama. Kinapokea mwanga unaorudi kutoka kwenye vitu vilivyo mbele yake, kisha kinadhani kwamba vitu hivyo vikichanganywa vyote pamoja vitatoa rangi ya kijivu, ile ya wastani inayorudisha takriban asilimia 18 ya mwanga unaoiangukia. Si dhana ya kijinga. Ukipiga picha ya mtaa wenye miti, kuta, barabara na watu wa nguo za kila rangi, mara nyingi itakupa picha inayoridhisha. Sasa ipeleke msikitini siku ya nikahi. Safu nzima ya wanaume wamevaa kanzu nyeupe na kofia za viua, kuta nyuma yao zimepakwa chokaa, na jua la alasiri linaingia madirishani. Kamera inaona weupe mtupu, inaamini kwamba mwanga umezidi, na inaupunguza bila kumuuliza mtu. Kanzu zilizofuliwa na kupigwa pasi usiku kucha zinatoka na rangi ya maji ya mchele, na nyuso za wenye harusi, ambazo ndizo sababu ya sisi sote kuwapo pale, zinazama gizani hadi bwana harusi hawezi kutofautishwa na mjomba wake.

Toka nje uende upande wa pili, ambako wageni wa kike wamesimama uani na wameridhia kupigwa picha. Sasa fremu imejaa mabuibui meusi. Kamera ile ile inaona giza, inaongeza mwanga kwa bidii, na buibui jeusi linakuwa la jivu, na nyuso zinachujuka kana kwamba zimepigwa na radi. Harusi moja, saa moja, kamera moja, na makosa mawili yanayokwenda kinyume. Mtu asiyejua atasema mpiga picha hana ujuzi. Mpiga picha naye, akiwa ameachia kila kitu kwenye alama ya A, ile ya kamera kujiamulia yenyewe, anakodolea macho kioo kidogo cha kamera na kujiuliza wale watu aliowaona kwa macho yake wamekwenda wapi.

Nakiri, kwa shingo upande, kwamba kamera za kisasa zina akili zaidi kuliko hiyo ninayoilaumu. Huigawa picha katika vipande vingi, hutafuta nyuso, na nyingine hulifuata jicho la mtu anayetembea. Hata hivyo ziambie zichague baina ya uso mweusi na kanzu nyeupe inayong’aa chini ya jua, na mara nyingi zitaiokoa kanzu.

Na hapa siwezi kujizuia kukumbuka historia. Kwa miongo mingi maabara za kusafishia picha za rangi zilipima usahihi wa rangi zao kwa kadi zilizotoka kampuni ya filamu ya Kodak, zenye picha ya mwanamke mweupe, ambazo mafundi walizoea kuziita kadi za “Shirley”. Ngozi ya Shirley ikitoka vizuri, kazi imekwisha. Ngozi nyingine zote zilitakiwa zijipange nyuma yake. Waliofanya kazi Kodak wamesimulia kwamba msukumo mmojawapo wa kuboresha rangi za kahawia katika filamu ulitoka kwa watengenezaji wa chokoleti na wa samani za mbao, ambao walilalamika kwamba bidhaa zao hazitoki sawasawa kwenye matangazo. Chokoleti ilisikilizwa. Kabati lilisikilizwa. Sisi, ambao tulikuwa na nyuso za rangi hiyo hiyo na tulizileta studio tukiwa tumevaa nguo zetu nzuri kuliko zote, tuliambiwa tusogee karibu na taa.

Mwaka 2021 Google walitoa simu ya Pixel 6 na mpango walioupa jina la Real Tone, uliotengenezwa kwa kushirikiana na wapiga picha wenye ngozi nyeusi ili nyuso kama zetu zisitiwe giza wala kupaushwa. Ni hatua njema na sitaibeza. Nitasema tu kwamba filamu ya rangi ya Kodachrome iliingia sokoni mwaka 1935, na kila msomaji anaweza kufanya hesabu hiyo ya kutoa mwenyewe.

Basi nimefanya nini mimi, zaidi ya kulalamika? Jaribio langu la kwanza lilikuwa rahisi hadi la kuchekesha: nilianza kupima mwanga kwa kiganja. Viganja vya watu wa rangi mbalimbali havipishani sana kama zinavyopishana nyuso zao, na kwa kawaida kiganja hung’aa kuliko kile kijivu cha kamera kwa kiasi cha hatua moja, yaani mara mbili ya mwanga. Kwa hiyo nasimama katika mwanga ule ule aliosimama bwana harusi, nakielekeza kiganja changu upande wa kamera mpaka kijaze fremu, nasoma kipimo, naongeza hatua moja, nafunga mpangilio huo, na tangu hapo simsikilizi tena mtu wala mashine. Kanzu zinakuwa nyeupe. Buibui linakuwa jeusi. Uso unakuwa na rangi aliyopewa na wazazi wake. Wazee wanaoniona nimeinua mkono hewani dakika nzima hudhani naomba dua, na siwasahihishi.

Jaribio la pili limenigharimu zaidi, kwa muda na kwa fedha. Nimeacha kupokea picha zilizokwisha kupikwa na kamera, zile za JPEG, na sasa nahifadhi faili ghafi, yaani mwanga kama ulivyopokelewa kabla kamera haijaupika. Tofauti si ya majina. Picha ya kawaida ya JPEG ina viwango 256 vya mwanga kwa kila moja ya rangi tatu. Faili ghafi ya biti 14 ina viwango 16,384. Maana yake ni kwamba bwana harusi aliyezama gizani anaweza kuvutwa taratibu hadi juu bila uso wake kupasuka mabaka-mabaka ya kijani na zambarau. Kwa kazi hiyo natumia darktable, programu ya bure ambayo imekuwapo tangu mwaka 2009 na ambayo, kwa maoni yangu, ilisanifiwa na watu wenye chuki binafsi dhidi ya wanaoanza. Kompyuta yangu ni ya zamani. Nikisogeza kitufe cha mwanga, napata nafasi ya kwenda kuchemsha maji ya chai kabla picha haijabadilika. Umeme ukikatika katikati ya kazi, hiyo ni makala nyingine na yenye maneno makali zaidi.

Najua kuna mjuzi atakayenijibu kwamba hakuna picha ya kidijitali isiyohesabiwa na mashine. Ni kweli, na nachukia kwamba ni kweli. Tangu Bryce Bayer wa Kodak apate hataza ya kichujio chake mwaka 1976, kamera nyingi zina kihisi, yaani kile kipande kinachopokea mwanga, ambacho kila nukta yake hupima rangi moja tu, nusu ya nukta zikiwa za kijani, robo nyekundu na robo bluu, na rangi nyingine mbili za kila nukta hukadiriwa kutokana na majirani zake. Kwa hiyo hata picha yangu ninayoiita safi ina theluthi mbili za makadirio. Lakini kuna makadirio yanayoegemea mwanga ulioingia kwenye lenzi, na kuna mambo yanayoletwa kutoka nje ambayo lenzi haikuyaona kabisa.

Mfano ni mwezi. Mwaka 2023 mtu mmoja mtandaoni aliichukua picha ya mwezi, akaififisha kwa makusudi hadi mashimo na madoa yake yakapotea, akaionyesha kwenye kioo cha kompyuta katika chumba chenye giza, kisha akaipiga picha kwa simu ya Samsung yenye sifa ya kuvuta mbali. Simu ilimletea mwezi wenye madoa ambayo kwenye kioo hayakuwapo. Kampuni ilieleza kwamba simu huutambua mwezi na kutumia akili mnemba kuboresha maelezo yake, na kwamba mtumiaji anaweza kuizima huduma hiyo. Sisi wa pwani, ambao kila mwaka hubishana usiku kucha kuhusu nani ameuona mwezi na nani hakuuona, tunahitaji kitu kingine chochote duniani isipokuwa simu inayouona mwezi kwa ukarimu.

Wapo pia watakaoniambia kwamba kudanganya kwa picha ni jambo la zamani katika pwani hii, na hapo nitawaunga mkono mimi mwenyewe. Mafundi wa studio walichonga penseli na kuondoa makunyanzi juu ya negativu muda mrefu kabla kompyuta haijafika. Kule Lamu, Omar Said Bakor alikata picha za wateja wake na kuzipandikiza mahali ambapo mwili wa binadamu hauwezi kukaa, na kazi zake zinapendwa hadi leo, nikiwa miongoni mwa wanaozipenda. Tofauti ni kwamba mteja wa Bakor aliingia dukani akijua anachokwenda kutafuta, na fundi wa penseli alikuwa na uso, duka na mlango ambao ungeweza kuugonga kesho yake ukadai kunyanzi lako. Mabadiliko yalikuwa makubaliano kati ya watu wawili. Simu haikubaliani na mtu. Inafanya, kisha inakuonyesha matokeo kana kwamba ndivyo ulivyo.

Kuhusu hali ya potreti inayofifisha mandhari na kumeza ncha ya ushungi pamoja nayo, sina la kusema ila kwamba ushungi ulikuwa mzuri. Kuhusu machweo yanayopozwa rangi kwa sababu kamera imeamua kwamba wekundu ni kasoro, kuna dawa: weka mizani ya weupe, yaani mpangilio unaosawazisha rangi, kwenye alama ya jua na uiache hapo. Na kuhusu WhatsApp, ambayo hubana picha, anayetaka picha yangu kamili nitamtumia kama dokumenti, na anayelalamika kwamba ni nzito kwa bando lake namwelewa, ila siibani.

Nilimpelekea malalamiko haya muuza simu mmoja wa Darajani, ambaye alinisikiliza kwa subira ya mtu asiye na mteja mwingine. Akanifahamisha kwamba jambo la kwanza anayekuja kununua simu hulifanya ni kujipiga picha mwenyewe palepale dukani, na kwamba simu inayomwonyesha alivyo hurudishwa kabatini. Sina jibu kamili kwa hilo. Mtu anayetaka kung’aa ana haki ya kung’aa, na si kazi yangu kumlinda dhidi ya shavu lake mwenyewe. Ninachodai ni kwamba simu imuulize kwanza, kwa Kiswahili, mara ya kwanza anapofungua kamera. Kitufe cha kuzima kiwekwe mbele ya macho, si chini ya menyu tatu zenye majina ya mafumbo. Na akishasema hapana, hapana hiyo idumu hata baada ya masasisho. Maana mpangilio ule wa urembo niliuzima kwa mkono wangu siku ile ile ya Idd, na simu iliposasishwa ulikuwa umewashwa tena.