Chuo cha urembo kisipime karo, kipime mkono

Matokeo ya KCSE, mtihani wa kumaliza sekondari hapa Kenya, yakishatangazwa, simu yangu huwa haitulii. Wazazi wananipigia kuuliza ni chuo gani cha urembo kitamchukua binti yao, na wengi huanza kwa kuomba radhi. "Amepata D minasi, anti. Masomo yamemshinda, basi angalau ajifunze kusuka." Wanasema hivyo mtoto akiwa papo hapo ubavuni, anasikia. Huwaambia kwamba kazi hii haikuwekwa kwa ajili ya walioshindwa, na kwamba binti yao akihitimu atakabidhiwa macho, ngozi na nywele za watu. Tukishaelewana hapo ndipo linakuja swali la maana: chuo kizuri tutakijuaje?

Jibu langu ni kwamba watazame chuo kinavyompokea mwanafunzi, kisha watazame kinavyompandisha kutoka hatua moja hadi nyingine. Nimepokea wanafunzi wa atachimenti, yaani wanaoletwa na vyuo kujifunza kazini, katika saluni yangu hapa Mombasa kwa miaka mingi, wa vyuo vya serikali na vya watu binafsi, na ninavyoona tumelipindua jambo hili. Mlangoni tunadai alama za mtihani ambazo hazituambii lolote kuhusu mkono wa mtu. Akishaingia tunamwacha apite hadi mwisho, mradi hadaiwi.

Kwa utaratibu uliozoeleka Kenya, anayetaka stashahada ya ususi na urembo anatakiwa awe na C minasi, anayetaka cheti cha kraft awe na D, na waliobaki chini yao huelekezwa kwenye kozi ya atisani. Katika KCSE ya 2023, zaidi ya watahiniwa 48,000 walipata E. Hawa ndio wanaoambiwa nafasi yao ni ya chini kabisa, hata kabla mtu hajawaona wakishika kitana. Alama hiyo ni wastani wa masomo saba, ambamo huweza kuwemo la historia na la dini. Sijaona uhusiano wowote kati ya wastani huo na msichana anayeweza kugawa nywele mistari iliyonyooka kuanzia kisogoni hadi utosini bila kutumia kioo. Katika vyuo vingine vya binafsi mambo ni kinyume kabisa: sharti la kujiunga ni pesa ya fomu na awamu ya kwanza ya karo, basi. Hakuna anayemuuliza mwanafunzi kama ana pumu, kama ngozi yake huumuka akigusa rangi ya nywele, wala kama anaweza kusimama kutwa nzima.

Sisemi mlango uachwe wazi kwa kila mtu bila swali. Kazi yetu inataka kusoma na inataka hesabu, na anayekana hilo hajawahi kuchanganya rangi. Jik, ile dawa ya kung'arishia nguo tunayonunua dukani, ina klorini ya asilimia 3.5. Ukitaka maji ya asilimia 0.5 ya kuua vijidudu kwenye vifaa, unachukua kipimo kimoja cha Jik na vipimo sita vya maji. Pereksaidi, ile inayochanganywa na rangi ya nywele, ya volyumu 20 ni asilimia 6, ya volyumu 40 ni asilimia 12, na ukiwekea ngozi ya kichwa hiyo ya pili kwa kudhani ni ya kwanza, mteja ataondoka na malengelenge. Basi mtihani wa kuingia uwe huo. Mpe binti chupa, mwambie asome kilichoandikwa, akueleze kwa Kiswahili amefahamu nini. Mpe jagi, kikombe cha kupimia na maji, achanganye. Mwambie asuke mistari minne. Saa moja inatosha, na itakuambia mengi kuliko karatasi ya matokeo. Akishindwa kusoma lebo kwa sababu imeandikwa Kiingereza asichokimudu, hilo si la kumfukuzia. Hilo ni la kumfundisha mwezi wa kwanza.

Sasa tuje kwenye kupanda hatua, maana hapo ndipo uchungu wangu ulipo.

Niliwahi kuletewa binti aliyekuwa muhula wa mwisho. Karatasi zake zilikuwa safi, amefaulu kila kitu. Akaja mteja wa ritachi, yaani kutia dawa nywele zilizoota upya, nikamwambia aanze mimi nikiwa nyuma yake. Kitu cha kwanza alichofanya ni kuchukua kitana chenye mkia na kuanza kukwaruza mba kichwani. Nikamshika mkono. Ngozi iliyokwaruzwa haitiwi dawa siku hiyo. Dawa ya kulainisha nywele yenye sodiamu haidroksaidi ina pH, yaani kipimo cha asidi na alkali, inayozidi 12, na kiungo hicho ndicho kilicho kwenye dawa za kuzibulia mabomba. Nikamuuliza, "Chuoni mlikuwa mnaanzia wapi kupaka?" Akanionyesha mbele, pembezoni mwa paji la uso, pale penye nywele laini zinazokatika kwa kuguswa tu. Hakuwa amepaka mafuta ya kinga kwenye ngozi. Hakujua kwamba mtu huanzia nyuma ambako nywele ni ngumu, anapaka lile jipya lililoota tu, halafu anaacha nafasi ndogo kutoka kwenye ngozi. Nilipomtajia shampuu ya kuzimua dawa, ile ambayo povu lake hugeuka rangi ya waridi dawa ikiwa bado imebaki, alisema waliisoma kwenye noti.

Kwenye noti! Nilikaa naye jioni ile baada ya kufunga. Ikadhihirika kwamba katika kozi nzima aliwahi kutia dawa kichwa cha mtu mara moja, wakiwa kundi, na yeye alikuwa wa kushika bakuli. Mazoezi yaliyobaki yalikuwa kwenye kichwa cha bandia, na kichwa cha bandia hakilii kikiungua. Mtihani wa mwisho ulikuwa wa maandishi, pamoja na onyesho la staili moja aliyojichagulia mwenyewe. Alichagua misuko, kwa kuwa ndiyo aliyokuja nayo kutoka nyumbani. Binti huyo hakuwa mvivu wala mzito wa kuelewa. Ndani ya wiki chache alikuwa anapaka vizuri. Chuo chake ndicho kilichompandisha bila kumtazama.

Pwani tuna mfano mwingine ambao kila familia iliyowahi kuoza inaujua. Hina ya majani haina neno. Piko ndiyo hatari: ile rangi nyeusi ya nywele yenye kemikali ya PPD ambayo tunaichorea maharusi mikononi na miguuni ili maua yakoze. Kwenye boksi lake wameandika kwamba ni ya nywele, na kwamba mtu ajaribiwe kwanza kwenye ngozi saa 48 kabla. Nani anafanya hivyo? Bibi harusi anapakwa leo, kesho ni harusi, na kesho kutwa maua yameumuka yakatoa maji, na alama inabaki palepale mkononi. Mtu akishapata mzio wa PPD huwa nao maisha yake yote, hata akija kupaka rangi ya nywele akiwa na miaka hamsini. Mwanafunzi asiyeweza kueleza jambo hili kwa mdomo wake, na asiyeweza kumwambia mama wa bibi harusi "hapana, mamangu, hii siipaki mwilini", hastahili kupewa cheti cha upambaji hata kama maua yake yanavutia kuliko ya mtu yeyote mjini.

Kwa hiyo ninataka nini? Ninataka chuo kiseme, kwa maandishi na tangu siku ya kujiandikisha, mwanafunzi atapimwa lini na kwa kitu gani. Usafi na usalama vije kwanza, na asiyefaulu hapo asiguse kemikali. Anayetaka kutia dawa au rangi kichwa cha mtu awe amefanya kwenye kichwa cha bandia mbele ya mwalimu, hatua baada ya hatua, mpaka mwalimu atie sahihi. Kisha wateja halisi, kwa hesabu inayojulikana, wenye nywele tofauti: ngumu, laini, zilizoharibika, na za mzee zilizopungua. Mahudhurio ni muhimu, na vyuo vingi vinadai robo tatu ya vipindi ndipo mtu akae mtihani. Sawa. Lakini kuketi darasani hakumfundishi mtu kupaka.

Wamarekani wamelijua hilo kwa njia ya mzunguko. Kwao leseni ya ususi hutanguliwa na saa za chuo zilizowekwa na kila jimbo. Texas ilikuwa saa 1,500, ikashushwa hadi 1,000 mwaka 2021. California ikatoka 1,600 hadi 1,000 kuanzia 2022. Ikiwa saa mia sita zinaweza kufutwa kwa sheria na watu wakaendelea kutengenezwa nywele, basi ni wazi hazikuwa zinapima ufundi. Hata hivyo, kuna kitu chao ambacho ningekichukua leo hii. Chuo ambacho wanafunzi wake wanapata fedha za serikali kuu kinalazimika kuwa na kanuni za maendeleo ya masomo zilizoandikwa: alama za kufikia, kasi ya kwenda, na ukomo wa muda, ambao ni mara moja na nusu ya urefu wa kozi. Mwanafunzi akirudi nyuma anaweza kupewa onyo na muda wa kujirekebisha. Na chuo kikikubali rufaa, anaweza kueleza kwamba alifiwa au aliugua, akapangiwa njia ya kurudi kwenye mstari.

Hapa kwetu mwanafunzi wa urembo akitoweka wiki mbili, simu ya kwanza atakayopokea ni ya mhasibu. Wengi wao ni mama wachanga. Mtoto akiugua, au mimba ikiwa nzito, binti anasita kurudi kwa sababu hajui kama bado ni mwanafunzi au amekwisha fukuzwa. Hana karatasi ya kumwambia anaweza kusimamisha masomo kwa muda gani na ataanzia wapi akirudi. Akirudi anaambiwa alipe upya muhula mzima, ikiwemo yale aliyokwisha kuyafaulu. Kwa hiyo anaishia kufungua kibanda cha kusukia mtaani, mafunzo nusu, na hakuna wa kumlaumu isipokuwa wale waliochukua karo yake bila kumwandikia haki zake.

Najua vyuo vitasema nini, maana wameniambia usoni: tukikaza, wanafunzi watahamia jirani anayelegeza. Si uongo. Lakini mamlaka ya TVETA, iliyowekwa na sheria ya mafunzo ya ufundi ya 2013, ndiyo inayosajili vyuo na kuvipa leseni, na mitaala ya umahiri inayosimamiwa na baraza la CDACC tayari inampima mwanafunzi moduli kwa moduli, pamoja na kumtaka awe na ushahidi wa kazi alizofanya. Asiyemudu anaambiwa bado hajamudu, anarudia alipokwama. Kanuni nzuri tunazo. Kinachokosekana ni mtu wa kuingia chuoni siku ya Jumanne, bila taarifa, na kuomba aonyeshwe vichwa ambavyo mwanafunzi fulani amevifanya.

Halafu wapo wanawake ambao vyuo havijawahi kuwafikiria kabisa. Kuna wasusi wa sokoni Kongowea walioshika nywele za watu tangu mimi sijaanza kazi. Nimewaona wakisuka knotless, ile misuko isiyo na fundo kwenye shina, usiku wa manane kabla ya Idi, mistari haipindi. Hawa wakitaka cheti wasirudishwe kukaa darasa moja na wasichana wa miaka kumi na minane. Mtihani wa ufundi wa NITA, mamlaka ya mafunzo ya viwandani, wa Gredi ya Tatu hadi ya Kwanza, umekuwepo siku zote kwa ajili ya mafundi wa aina yao, na 2024 serikali ilizindua sera ya kutambua ujuzi ambao mtu aliupata nje ya darasa. Tanzania nao VETA, mamlaka yao ya mafunzo ya ufundi, wana utaratibu wa namna hiyo kwa mafundi waliojifunzia kazini. Wapimwe kwa kile wanachokijua, na wafundishwe wasichokijua, ambacho mara nyingi ni kemikali na usafi wa vifaa. Ada ya kupimwa iwe ile ambayo msusi wa kibandani anaweza kuitoa.

Sisi wenye saluni nasi tuna la kufanya, kwa sababu atachimenti ziko mikononi mwetu. Chuo kinatuhitaji. Kuanzia udahili huu unaokuja simpokei mwanafunzi ambaye daftari lake la kazi halionyeshi vichwa alivyotia dawa na rangi, tarehe zake, na sahihi ya mwalimu aliyesimama pale. Nimewaandikia walimu wakuu wa vyuo vinavyoniletea wanafunzi kuwaeleza hivyo. Mmoja amenijibu kwamba watarekebisha daftari lao na ameomba nimtumie mfano, nami nimemtumia. Ninyi wenzangu wa Likoni, Bamburi na Mtwapa, mkiutaka mfano huo niandikieni, niwatumie.