Maji yakitakata rangi, chumvi iko wapi?

Januari 2011 Mahakama Kuu ya Madras iliamuru viwanda vya kutia rangi nguo vya Tirupur, kusini mwa India, vifungwe. Vilikuwa zaidi ya 700, na mto Noyyal ulikuwa umepokea majitaka yao kwa miaka mingi. Siku hizi watafiti wanapendekeza polima, yaani vitu vyenye molekuli ndefu kama mnyororo, za kunasa rangi. Je, zingeuokoa mto huo?

Kwa rangi yenyewe, hoja yao ina uzito. Rangi za viwandani huundwa zisipaushwe na jua wala sabuni, kwa hiyo hata bakteria wa mabwawa ya majitaka hushindwa kuzivunja nyingi. Polima haihangaiki kuivunja rangi. Huinasa kwenye uso wake tu. Kitosani, polima inayotengenezwa kwa maganda ya kamba na kaa, hupata chaji chanya katika maji yenye asidi kidogo, na rangi nyingi za pamba zina chaji hasi, basi zinashikana. Malighafi yenyewe ni takataka za wasindika samaki! Karakana ndogo isiyomudu mitambo mikubwa ina kila sababu ya kuitamani.

Lakini majaribio mengi ya maabara hutumia rangi moja, mara nyingi bluu ya methilini, ndani ya maji yaliyokenekwa. Majitaka halisi yana alkali, sabuni na chumvi tele: pamba ikitiwa rangi tendaji, yaani inayojifunga na nyuzi zenyewe, lita moja ya maji huweza kuwekwa gramu 50 hadi 80 za chumvi. Chumvi hiyo hugombea nafasi zilezile ambazo rangi ingezishika.

Linalonisumbua zaidi ni lisiloonekana. Wakulima wa bonde la Noyyal hawakulalamikia rangi peke yake. Chumvi iliwaharibia visima na mashamba, nayo polima ya kunasa rangi haiigusi. Maji yatatoka meupe, anayekagua kwa macho ataridhika, na udongo utazidi kufa. Tirupur ililazimika kuweka utando wa kuchuja chumvi na mitambo ya kuvukiza maji, ghali na inayokula umeme mwingi.

Mimi ningeiweka polima mbele ya utando huo, iondoe rangi kabla haijauziba. Hapo inalipa, mradi mwenye kiwanda aeleze polima iliyoshiba ataipeleka wapi. Akiiosha kwa alkali ili aitumie tena, rangi ileile itarudi kwenye maji, safari hii machache na makali zaidi.