Dakika moja ya egemeo

Wanafunzi wangu wa darasa la sita walijua egemeo ni nini, au mimi niliamini hivyo. Ukiuliza, mikono inajaa hewani: "Egemeo ni sehemu ambayo wenzo huegemea!" (Wenzo ni kifaa cha kunyanyulia vitu vizito, kama mtaimbo.) Jibu la kitabuni, na kwenye mtihani ungewapa vema. Siku niliyowakabidhi simu yangu na kuwataka warekodi video ya dakika moja, wamweleze neno hilo mtoto wa darasa la tatu, kundi la kwanza lilisimama mbele ya kamera likapigwa na bumbuazi.

"Mwalimu, sasa tuseme nini?"

Niliwawekea masharti. Hakuna kusoma kwenye karatasi, kitu kionyeshwe kwa mikono, na neno lisielezwe kwa neno lenyewe wala ndugu yake. Sharti hilo la mwisho ndilo lililoiua sentensi ya kitabu, maana "egemeo" na "egemea" ni mama na mtoto.

Wakatoka nje, nyuma ya jiko la shule. Wakatafuta mtaimbo, jiwe kubwa na tofali. Tofali, ndilo egemeo, likawekwa mbali na jiwe. Wakakandamiza wawili wawili, jiwe halikutikisika. Mmoja akalisogeza tofali hadi karibu kabisa na jiwe, na binti mdogo kuliko wote akaliinua jiwe kwa mkono mmoja. Kelele zilizopigwa hapo ziliiharibu video yote. Walirekodi mara nne ndipo ikafaa, na naamini walilielewa neno katika zile tatu zilizoharibika, walipokuwa wakibishana nani amekosea wapi.

Kundi la pili lilichagua toroli, likakwama kwa ubishi. Wengi walishikilia kwamba egemeo lazima liwe katikati, kama kwenye mkasi. Walipakia mchanga, wakanyanyua, wakatua, wakanyanyua tena, mpaka mmoja akaona kwamba mzigo unapanda na mikono inapanda, gurudumu tu ndilo halipandi. Kumbe gurudumu ndilo egemeo, na mzigo ndio ulio katikati. Picha hiyo imo kitabuni mwao, na nilikuwa nimeifundisha wiki moja kabla.

Kisha akaja binti na swali ambalo sikulitarajia: "Mwalimu, nyenzo za kufundishia na wenzo ni neno moja?" Ndiyo, mwanangu, nyenzo ni wingi wa wenzo. Mimi mwenyewe nimelisema neno hilo miaka yote vikaoni bila kuufikiria mtaimbo.

Wapo walimu wenzangu wanaosema huku ni kupoteza vipindi. Mtihani wa darasa la saba una maswali mengi ya kuchagua jibu, mtoto atie kivuli herufi, basi. Nawaelewa, nami nina darasa lililofurika na simu moja. Lakini mtoto anayechagua herufi sahihi bila kujua jiwe linainukaje tumemfundisha nini? Neno moja kwa wiki, makundi yakipokezana, halijanichelewesha muhtasari.

Ninachokipinga ni kuigeuza kazi hii mashindano ya urembo. Nimeona video za wanafunzi zenye muziki, maandishi yanayorukaruka na rangi tele, na neno lenyewe limetajwa mara moja likapita. Yenye picha ya kutetemeka na mtoto anayejisahihisha katikati ya sentensi ndiyo ninayoipa alama. Na hazitoki darasani kwenda mitandaoni. Mara nyingi tunarekodi mikono tu. Sura ya mtoto si ya kugawa ovyo.

Wiki iliyopita neno lilikuwa roda, kile kigurudumu cha kupitishia kamba ya kuvutia vitu juu. Walieleza vizuri, kwa kamba ya mlingoti wa bendera. Kijana mmoja, ambaye mjomba wake ni baharia, akasimama akasema kwao hiyo inaitwa gofia, ndiyo inayopandishia tanga la jahazi. Darasa likacheka, likidhani ametunga. Tukafungua kamusi, gofia hiyo hapo. Nikamwomba arekodi yeye peke yake. Akaanza, "Mjomba akivuta henza..." akasita, akazima simu.

"Mwalimu, na henza sijalieleza."

Akaomba apewe dakika mbili. Nimempa.