Magemu ya maandishi yanangoja Kiswahili

Nikimwambia mtu hapa Mwanza kwamba nacheza magemu ya kompyuta, haraka ananiuliza nachezaje na mimi sioni. Halafu anauliza ni nani amenitengenezea. Hakuna aliyenitengenezea. Will Crowther alipoandika gemu la Adventure mwaka 1976, kwa kufuata mapango ya Mammoth Cave kule Kentucky, hakuwa akiwafikiria wasioona. Don Woods aliyelipanua mwaka uliofuata naye vilevile. Kompyuta zao zilikuwa za maandishi, basi: gemu linakueleza ulipo, unaandika amri, linakujibu. Programu ya kusoma skrini, ile inayotusomea maandishi kwa sauti, ikikutana na kitu cha namna hiyo haiachi hata neno.

Ndiyo maana nayapenda kuliko mengi yanayoletwa siku hizi kwa jina la "magemu ya wasioona". Mengi ni milio miwili mitatu na huruma tele.

Chukua gemu la Zork, lililoanza kuandikwa mwaka 1977 MIT, chuo kikuu cha Marekani. Umesimama uwanjani, magharibi ya nyumba nyeupe, mlango umepigiliwa mbao, karibu yako kuna kisanduku cha barua. Ukishuka chini ya nyumba bila taa, unaliwa na dude liitwalo grue. Mpwa wangu anaona vizuri na ni fundi wa magemu ya simu. Alikuja kwangu Igoma jioni moja umeme umekatika, nikampa laptopu ikiwa na chaji. Hazikupita dakika nyingi akapotelea kwenye vyumba vinavyofanana.

"Mjomba, mbona narudi palepale?"

"Dondosha kitu kila chumba unachopita. Ukikikuta tena, ujue ulishafika."

"Nidondoshe nini?"

"Chochote, isipokuwa taa."

Alizoea ramani iliyochorwa pembeni ya skrini. Mimi ramani naibeba kichwani kila siku, kuanzia kituo cha daladala hadi mlangoni kwangu, kwa hiyo usiku ule mwenyeji nilikuwa mimi.

Kero yangu ni lugha. NVDA, programu ya kusoma skrini iliyoanzishwa Australia na Michael Curran mwaka 2006, ni ya bure, na inakuja na sauti ya eSpeak inayosoma Kiswahili. Sauti ni ya kibati lakini matamshi inayapata. Sasa sahau kuibadilisha kabla ya kufungua gemu la Kiingereza: "house" inatoka "ho-u-se", na uwanja mzima unageuka kichekesho. Mtoto asiyeona ambaye Kiingereza chake bado kinasuasua ataachia hapo hapo.

Vijana wetu wanaoandika programu wanaweza kulitatua hili, na nadhani Kiswahili kitawarahisishia kazi. Kiingereza kina kiwakilishi kimoja tu, "it", kwa kitu chochote kisicho na uhai, kwa hiyo gemu huishia kukisia kwamba unasema juu ya kile kilichotajwa mwisho. Sisi tuna ngeli. Weka gemu ndani ya mtumbwi wa wavuvi wa dagaa, usiku usio na mwezi, maana dagaa huvuliwa gizani kwa kuvutwa na taa. Mtumbwini mna karabai, kasia, wavu na ndoo. Mchezaji akiandika "uvute", ni wavu. Akiandika "ichukue", ni ndoo. "Lichukue" ndiyo yenye utata, na hapo gemu liulize: karabai au kasia? Lakini akiandika "liwashe" halina haja ya kuuliza, kasia haliwashwi. Kiambishi kimoja kimefanya kazi ambayo waandishi wa Kiingereza waliihangaikia sana.

Zana zipo. Inform ya Graham Nelson, programu ya kuandikia magemu ya maandishi iliyotoka 1993, ni ya bure, na watu wameshaifanyia kazi kwa Kifaransa, Kihispania na Kijerumani. Haihitaji mashine ya bei. Laptopu ya mtumba inatosha, na msimulizi anayeijua Kirumba ama Ukerewe atafaa kuliko mchoraji.

Ombi moja tu kwa atakayeanza: maandishi yabaki maandishi. Kuna programu za kuchezea zinazochora herufi kama picha, nasi tunabaki na ukimya mtupu. Na zile ramani za kupanga nyota na vistari, tafadhali. Nikizigusa nasomewa "nyota nyota nyota mstari nyota" mpaka natamani kuzima mashine nikalale.