Konekta za nguzoni kuzikwa ardhini: tatizo si meno, ni maji

Mita ya umeme iko kwenye ukuta wa uzio, nyumba iko mita 40 ndani ya kiwanja, na mwenye nyumba hataki waya upite juu ya bustani. Mtaro unachimbwa, kebo inalazwa, inapungua mita chache. Fundi ana konekta za kutoboa zilizobaki kwenye kazi ya nguzo, zile ambazo meno yake hupenya ganda la waya bila kulimenya, na wengi huziita IPC. Anaunga, anazungushia tepu ya PVC, anafukia. Taa zinawaka, kila mtu anaridhika. Kazi ya namna hii ni ya kawaida kiasi kwamba inafaa kuulizwa kwa uzito: vifaa vilivyotengenezwa kwa laini za juu vinaweza kukaa chini ya ardhi?

Wanaosema ndiyo wana hoja za kweli. Konekta nzuri ya aina hii hupimwa kwa kiwango cha Ulaya cha EN 50483-4, na mojawapo ya vipimo vyake ni kuwekewa kilovolti 6 ikiwa imezamishwa majini kina cha sentimita 30. Iliyovumilia hivyo, wanauliza, itashindwaje na volti 230 kwenye udongo? Bei nayo iko upande wao: IPC moja ni rahisi mno kuliko seti ya jointi ya resini (kimiminika kinachoganda na kuziba jointi), haihitaji kumenya waya, wala mtungi wa gesi kama mipira ya kusinyaa kwa moto. Tena resini hupitwa na wakati ikiwa bado dukani, na resini mbovu haigandi. Hoja yao nzito zaidi ni kwamba hata kazi halali za chini ya ardhi hutumia meno ya kutoboa. Uingereza, jointi za kuchepusha umeme wa nyumba kutoka kebo kuu ya mtaani hutumia konekta za duara zinazotoboa ganda, kisha jointi nzima hujazwa resini.

Mfano huo wa mwisho ndio unaoamua mjadala, ila hauwasaidii. Meno yanakubalika pale kwa sababu yamezama ndani ya resini, na konekta yenyewe imetengenezwa kwa kazi hiyo. IPC ya nguzoni inayofukiwa na tepu peke yake haina kinga hiyo.

Kipimo cha majini kinachunguza kama konekta itahimili mvua. Nguzoni maji huja, hutiririka, na jua hukausha. Ardhini maji hukaa miezi, na maeneo ya pwani kama Dar es Salaam au Mombasa huwa na chumvi. Isitoshe, jointi hupumua. Jioni mzigo ukiwa mkubwa inapata joto na hewa ya ndani inatanuka. Usiku wa manane inapoa na kuvuta ndani chochote kilicho jirani. Kama jirani ni tope, linavutwa tope. Mwili wa konekta nyingi ni poliamaidi, plastiki ambayo yenyewe hufyonza unyevu. Kifuniko kidogo cha mpira kinachoziba ncha ya waya wa tawi, ambacho mafundi wengi hukiacha au hukipoteza, ndicho mlango mpana kuliko yote: maji yakiingia hapo husafiri katikati ya nyuzi za waya hadi mbali na jointi. Na kwenye udongo mweusi wa mfinyanzi, unaovimba masika na kupasuka kiangazi, konekta huvutwa huku na huku wakati mpira wake haukuundwa kwa mvuto huo.

Ukifukua jointi iliyokaa hivyo unaona kinachotokea. Gundi ya tepu imeyeyuka na kuwa utelezi mweusi, tepu inavulika kama soksi. Ndani, alumini imegeuka unga mweupe uliovimba na kupasua ganda. Nyuzi mbili tatu tu ndizo bado zinang'aa. Huo unga hutokea alumini inapokutana na maji huku umeme ukivuja, na ikiunganishwa na shaba katika unyevu kasi huongezeka. Bati linalopakwa kwenye meno ili kupatanisha metali hizo mbili linafaa maadamu ndani ni pakavu.

Kuna kosa la pili lisiloonekana kabisa: urefu wa meno. Ganda la kebo ya ABC (nyaya za nguzoni zilizosokotwa pamoja, kila moja na ganda lake) ya alumini ya mm² 25 ni nene kama milimita 1.4, wakati ganda la plastiki ya XLPE la kebo ya ardhini ya ukubwa huohuo, kwa kiwango cha kimataifa cha IEC 60502-1, ni milimita 0.9. Meno yaliyopimwa kwa ganda nene yakikazwa kwenye jembamba yanazama kupita kiasi na kukata nyuzi. Boliti yenye kichwa kinachokatika haitakulinda, kwa sababu inapima nguvu ya kukaza, haijui jino limefika wapi.

Madhara huanza kimya. Jointi iliyo baada ya mita ikivuja nusu ampea kwenda ardhini, hiyo ni wati 115 mchana na usiku, karibu yuniti 2.8 kwa siku, na mwenye nyumba analaumu mita ya LUKU. Nyutro ikikatika kwenye mfumo wa fezi tatu, volti hupanda upande wenye mzigo mdogo na vifaa vya elektroniki huungua kwa pamoja.

Kebo ya ABC yenyewe isizikwe moja kwa moja: haina ganda la nje wala deraya ya chuma, na sururu moja inaimaliza. Baadhi ya kebo za konsentriki (waya wa fezi katikati, nyuzi za nyutro zikiuzunguka) zina ganda la nje na mtengenezaji anaruhusu zilazwe ardhini. Soma karatasi yake kabla ya kuamua.

Dawa bora, kwa maoni yetu, ni kutokuwa na jointi ardhini. Nunua kebo yenye deraya kwa urefu kamili, pamoja na akiba ya mita mbili tatu. Ikiwa inaanzia nguzoni, ipandishe ndani ya bomba la chuma hadi mita 3 hivi, na muungano ufanyike juu, ambako vifaa vya juu viko kwao. Hapo angalia mambo mawili. Unapomenya ganda la nje, vika kofia ya mpira yenye gundi pale waya zinapogawanyika, maji yasiteremke ndani ya kebo. Na vika kila waya mrija mweusi unaohimili jua, kwa kuwa ganda jekundu, la njano au la bluu la kebo ya ardhini halikutengenezwa kukaa juani na litapasuka.

Jointi ikilazimu, tumia seti ya resini na usome tarehe yake. Kwaruza ganda la nje kwa msasa kila upande, unga waya kwa slivu (mirija ya chuma) za kubana au za boliti, zitenganishe zisigusane, na unganisha deraya ya pande zote mbili kwa waya wa ethi. Kanda resini hadi rangi iwe moja, mimina upande mmoja hadi ichomoze upande wa pili, na usiguse kebo mpaka igande. Unyevu ndani ya ganda la jointi hufanya resini ya poliyurethani itoe povu, kwa hiyo usimimine wakati wa mvua bila kujikinga.

Kwa aliyekwisha kufukia IPC, si lazima achimbe leo. Azime umeme, afungue ncha zote mbili za kebo, apime kwa mega (kipima ukinzani wa ganda la waya) kwa volti 500 kati ya waya na waya, kisha kila waya na ethi, kiangazi na tena baada ya mvua kubwa. Kiwango cha chini kinachokubalika ni megaohmu 1, lakini kebo ya mita 40 isiyo na kasoro husoma mamia. Ikisoma 200 kiangazi na 3 masika, imefaulu kwa karatasi, na bado maji yameshaingia: achimbe kabla ya msimu unaofuata.