Sangara ana rula, ng'ombe ana jicho la dalali

Haya jamani, mtueleze wenye elimu. Huku Mwanza sangara asipofika sentimita 50 ni kosa la kisheria, rula inatolewa, mtu anapelekwa. Dagaa wa Kirumba wanapimwa kwa ndoo, na ndoo ikiwa imebonyea kidogo tu kunazuka ugomvi. Nyanya ni sado, lile kopo la rangi. Lakini ng'ombe, mnyama wa laki nane, milioni na kuendelea, ananunuliwa kwa kukodoa macho! Dalali anamtazama ng'ombe, anakutazama usoni, anatazama viatu vyako, bei inatoka. Katika hayo matatu, ng'ombe ndiye anayechangia kidogo.

Kwa hiyo unayejiandaa kwenda mnadani Misungwi, anza na miguu. Vaa buti za mvua au kandambili za matairi. Moka iliyong'aa ni laki moja ya ziada, na mavi hayachagui. Halafu salamu. Mzee wa Kisukuma aliyeegemea fimbo asubuhi anaambiwa "mwangaluka", kwa adabu, huku umesimama. Ukimrushia "mambo vipi mzee", hatakutukana. Atapandisha tu.

Siku ya mnada uliza kabla ya kupanda gari, maana kila mnada una siku yake, na konda atakwambia "leo upo" hata kama leo kuna mbuzi wawili na mwenye kuuza kamba. Pita Nyegezi, Buhongwa, hadi Usagara. Hapo usichanganye gari: inayokata kulia inakwenda Kigongo kuvuka daraja la Busisi, ya Misungwi inanyoosha na barabara ya Shinyanga. Pesa toa mjini mapema. Kufika saa sita mawakala wote wa pesa za simu karibu na mnada watakuwa wanaimba wimbo mmoja: keshi imeisha, subiri. Unasubiri nini wakati dume lako linashikwa pembe na mtu wa buchani?

Ukiingia usitafute mtu mwenye nyundo. Hakuna nyundo. Ni mikono kushikana, kuachana, mmoja kuondoka kwa hasira, mwingine kumvuta shati. Dalali mkubaliane ujira wake kabla hajafungua mdomo, kwa sababu anakula kwa muuzaji na kwako pia, na kote kuwili anaapa kwamba amekusaidia wewe.

Meno sasa. Kuna wasomi hufungua mdomo wa ng'ombe, wakikuta juu mbele hakuna kitu, wanaruka: "Kizee hiki!" Ng'ombe wote hawana meno ya mbele juu, tangu kuzaliwa hadi supu. Hesabu ya chini, yako nane. Jozi ya kwanza ya meno makubwa ikiota katikati, ana kama miaka miwili. Jozi mbili, miwili na nusu hivi. Tatu, mitatu au zaidi kidogo. Zote nne zikitimia, amefika minne au ameipita, na kuanzia hapo unatazama yalivyosagika. Pembe usiziamini sana, pete zake wajanja huzikwangua kwa tupa.

Uzito ndio penye msiba. Baadhi ya minada ina mizani ya mifugo. Ukiikuta inafanya kazi, ing'ang'anie. Ukikuta watu wameikalia wanakula michembe, yaani viazi vitamu vikavu, toa futi yako ya kamba. Zungusha kifuani, nyuma tu ya miguu ya mbele, ng'ombe akiwa amesimama sawasawa. Kisha pima urefu, kutoka ncha ya bega hadi mfupa wa kalio. Kifua mara kifua, mara urefu, gawa kwa 10,840. Kifua cha sentimita 145 na urefu wa 120 vinakupa kilo 233 hivi akiwa hai. Nyama na mifupa yake ni kama nusu ya hizo, tuseme 115. Zidisha kwa bei ya buchani, ndipo ubishane. Watakucheka, watauliza kama unamshonea suti. Waache wacheke, wao wanajua kwa nini hawataki futi.

Maana kuna hii ya chumvi. Usiku analambishwa chumvi, asubuhi anapelekwa majini, anakunywa hadi tumbo linakuwa pipa. Lita 30 za maji ni kilo 30, nawe unazilipia kwa bei ya nyama, kisha anazikojoa zote kabla ya Usagara. Usitazame tumbo. Tazama mgongo, nyonga na shina la mkia: mifupa ikiwa imechomoza juu ya tumbo la pipa, hayo ni maji.

Mtembeze. Anayechechemea, anayekohoa, anayeharisha, mwachie mwenyewe. Papasa tezi chini ya sikio na mbele ya bega; zikiwa zimevimba na masikio yamejaa kupe, hiyo yaweza kuwa ndigana kali, ugonjwa unaoletwa na kupe, na bei nafuu itaishia kwa daktari.

Umelipa? Bado. Ushuru na stakabadhi yake, kisha kibali cha kusafirisha mifugo. Stakabadhi bila kibali haikuvushi kizuizini. Na hereni sikioni, sheria ya utambuzi wa mifugo ipo tangu 2010. Yaani ng'ombe ana namba, ana hati, safari yake inajulikana. Wewe mwenyewe kitambulisho bado unaambiwa pita wiki ijayo.

Nyama choma kuleni, ila mpimiwe mbichi mbele yenu. Ikishaiva hakuna ajuaye kilo ilikwenda wapi.

Mwisho ni Fuso, lori la kumbebea. Sakafuni kuwe na mchanga au nyasi, bila hivyo anateleza, anaanguka, wenzake wanamkanyaga. Nauli ya kichwa mkubaliane pamoja na kushusha, kwa sababu mnadani kuna ukuta wa kupakilia, kwako hakuna. Tafuta mapema tuta la udongo lenye kimo cha bodi. La sivyo mtafika Buhongwa usiku, bodi imefunguliwa, ng'ombe hashuki, majirani wanatoa ushauri, na dereva anakuuliza saa hizi za kusubiri analipa nani.