Dawa za akili: familia iliyoacha dawa iliona nini?

Mgonjwa wa akili akirudishwa hospitali Moshi akiwa na hali mbaya kuliko alivyoondoka, ndugu ndio huulizwa: kwa nini mmemwachisha dawa? Swali ni halali. Uchambuzi uliochapishwa na jarida la Lancet mwaka 2012, uliojumlisha majaribio 65 ya dawa za skizofrenia, ugonjwa mkali wa akili, ulionyesha kuwa ndani ya mwaka mmoja ugonjwa uliwarudia asilimia 27 ya waliobaki kwenye dawa, na asilimia 64 ya waliopewa vidonge visivyo na dawa. Daktari anayeshikilia takwimu hiyo anatetea maisha ya mtu.

Lakini watu wa kwenye majaribio hufuatiliwa kwa ratiba. Kijana wa Kibosho anachomwa haloperidoli, mojawapo ya dawa hizo, anatulia, anarudi nyumbani na vidonge. Siku ya pili shingo inapinda, taya linakaza, macho yanageukia juu na kubaki huko. Mama hakuambiwa kwamba jambo hili lipo. Anachokiona ni kwamba mwanawe alikwenda akiongea peke yake, sasa kapinda. Akizuia vidonge na kumpeleka kwenye maombi, ameamua kwa kile alichokiona, na mimi siwezi kumwita mjinga.

Kinachouma ni kwamba tatizo hili, linalowapata zaidi vijana wa kiume katika siku za mwanzo, linatibika upesi. Sindano ya prometazini kwa kawaida hulegeza misuli ndani ya muda mfupi, kisha dozi hupunguzwa au dawa hubadilishwa. Imani ya familia nzima inapotea kwa kitu ambacho zahanati ingekimaliza.

Wahudumu wana sababu ya kunyamaza: mgonjwa anayeshuku kwamba anawekewa sumu, ukimtajia madhara hatameza kitu. Kweli. Ila hofu hiyo inamhusu mgonjwa. Mama, ambaye ndiye anayetoa vidonge asubuhi na jioni, naye amefichwa kwa nini?

Ukimya huo unaweza hata kuua. Yapo madhara ya nadra, yaliyoelezwa na madaktari wa Ufaransa mwaka 1960: homa kali, mwili mgumu kama ubao, jasho, fahamu kuvurugika. Hatua ya kwanza ni kusimamisha dawa. Kwetu homa ni malaria kwanza, halafu taifodi. Wakati vipimo vinasubiriwa, mama mtiifu, aliyeonywa asiruke dozi, anaendelea kumpa haloperidoli. Hapo anayefuata maagizo yuko hatarini kuliko aliyekaidi.

Wapo wanaotaka kila mgonjwa apewe benzheksoli tangu siku ya kwanza ili kuzuia kukakamaa. Wanaopinga wana hoja: hukausha kinywa, hufifisha kumbukumbu, na wengine huitumia kulewa. Nawaunga mkono. Basi angalau ndugu waambiwe kwenye dirisha la dawa, kwa dakika mbili: shingo au macho yakikaza, mleteni leo hii, sindano ipo; homa na ukakamavu vikija pamoja, msimpe kidonge kingine, mkimbizeni hospitali na pakiti ya dawa mkononi.